Nyumba ya dhahabu, chumba cha muzee iko wapi?

Ndugu zangu wa Misisi na Lubichako, tukipata gramu mbili tatu tunawaza nyumba Baraka. Mabati, vioo, ngazi tano mbele ya mlango ili watu waseme fulani amefaulu. Lakini mama mwenye miaka 75 atapanda namna gani hizo ngazi, na mvua imelowesha?

Mwaka 2024 ziwa Tanganyika ilipanda ikaingia katika nyumba za pembeni, Uvira na Baraka. Kwa hiyo msingi uinuke, sikatai. Ila badala ya ngazi, mwambie mwashi atengeneze njia ya mteremko: kila santimita 1 ya kupanda, santimita 12 za urefu. Msingi wa santimita 40 unaomba karibu metre 5. Inakula kiwanja, ndiyo. Itapitisha pia bidoni za maji na pikipiki.

Chumba kiwe upande wa jikoni, wazee wasikie watu, si kuwatupa nyuma kama gunia ya mihogo. Hata lubunga ya Babembe haifichwe. Na usiseme ni chumba ya mama peke yake: vumbi ya mawe inakula mapafu, na sisi wachimbaji wa mkono hatuna pansheni ya CNSS inayotungoja. Kesho weye ndiye utalala pale.

Mlango santimita 90. Choo karibu, maana wazee wanaanguka usiku wakienda kujisaidia. Ukutani pale pa choo, tia chuma ya kushikilia, na itiwe mbele ya kupiga plasta, vinginevyo itang'oka na mkono wa muzee.