Kabla Hujatoka na Mbwa Pasaka Hii Nachingwea na Ruangwa

Likizo ya Pasaka hufika wakati mvua za kusini zikielekea ukingoni. Kati ya Nachingwea na Ruangwa nyasi zimesimama hadi kifuani, mahindi yameanza kukauka mashambani, ufuta umechanua na vijito bado vina maji. Wanaorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam hukuta asubuhi zisizo na joto kali, na njia za miguu zinazopita chini ya mikorosho kuelekea vilimani. Mbwa wa nyumbani, ambaye mwaka mzima kazi yake ni kubwekea ngedere na nguruwe pori shambani, huwafuata bila kuitwa.

Ni matembezi mazuri, na mwendo wa saa tatu au nne humfaa mbwa mwenye afya kama unavyomfaa mwenye mbwa. Lakini usalama wake hauamuliwi siku ya safari. Huamuliwa wiki kadhaa nyuma, siku mbwa alipochomwa sindano ya kichaa au alipokosa kuchomwa.

Mbwa na mbweha

Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo 1,500 hivi kwa mwaka. Karibu wagonjwa wote huambukizwa na mbwa.

Kusini mashariki kuna jambo la ziada ambalo mwenye kupenda kutembea porini anapaswa kulijua. Watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara walifuatilia visa vya kichaa katika mikoa ya Lindi na Mtwara, katika miaka ambayo kampeni za kuchanja mbwa zilikuwa zikiendeshwa huko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kati ya wanyama walioonekana kuugua, mbwa walikuwa kama nusu. Zaidi ya asilimia 40 walikuwa mbweha. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa mnyamapori, na kinamhusu moja kwa moja mtu anayemwachia mbwa wake akimbie kwenye kichaka nyuma ya shamba.

Mbweha mzima humkimbia binadamu. Akionekana mchana kweupe anasogea kijijini, hashtuki akitupiwa kelele, anayumba au anawavamia mbwa, chukulia kwamba ni mgonjwa. Mwite mbwa wako, ondokeni, na umpe taarifa afisa mifugo wa kata. Usimpige mbweha huyo kwa mkono mtupu wala kumgusa akiwa amekufa, kwa kuwa mate yake bado yanaweza kuwa na virusi.

Kuwinda mbweha si dawa. Mnyama huyo hawezi kupangwa foleni achanjwe, lakini mbwa anaweza, na mbwa ndiye anayelala uani kwetu na kucheza na watoto. Ndiyo maana kinga ya mbwa inabaki kuwa ukuta kati ya pori na familia.

Sindano hufanya nini

Virusi vya kichaa haviendi kwa njia ya damu. Vikiingia kwenye jeraha, hupanda polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha hushuka kwenye tezi za mate. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Katika muda huo mwili uliochanjwa huwa tayari una askari wa kuvizuia. Vikishafika ubongoni na dalili zikaanza, tiba ya uhakika haipo, kwa mbwa wala kwa mtu.

Kinga ya mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji kama mwezi mmoja ili ikomae. Anayechanjwa Ijumaa Kuu hana kinga ya kutegemewa Jumatatu ya Pasaka. Mbwa mdogo huchanjwa akifikisha miezi mitatu, na kwenye kampeni hata watoto wa mbwa walio chini ya umri huo huchanjwa. Baada ya hapo sindano hurudiwa kila mwaka, au kwa muda ulioandikwa kwenye chanjo yenyewe. Tunza cheti.

Wataalamu husisitiza kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kila mwaka. Kiwango hicho kikifikiwa, mbwa mgonjwa hukosa wa kumwambukiza na mnyororo hukatika. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mbwa wetu hufa mapema na huzaa sana, kwa hiyo ndani ya miezi kumi na miwili mitaa hujaa watoto wa mbwa wasio na kinga. Pemba imeonyesha pande zote mbili za hesabu hii. Kampeni za chanjo zilikikata kichaa kisiwani mwaka 2014, kikaingia tena mwaka 2016 wakati uchanjaji umelegea, na kikakomeshwa tena mwaka 2018 baada ya mbwa kuchanjwa upya.

Yaliyomo njiani

Mbwa akishakingwa dhidi ya kichaa, yanabaki mambo madogo ambayo macho na maandalizi yanatosha.

La kwanza ni kupe. Nyasi ndefu za Aprili ndizo makazi yao. Mkirudi, mpapase mbwa ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia na katikati ya vidole. Kupe ang'olewe kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta moja kwa moja. Mafuta ya taa hayasaidii. Na usimwogeshe mbwa dawa ya ng'ombe kwa kukadiria, maana baadhi ya dawa hizo ni sumu kwake zikizidi kipimo.

La pili ni mbung'o. Mdudu huyu hupenda kivuli cha vichaka, si shamba lililo wazi, kwa hiyo hatari huongezeka ukisogea upande wa Liwale, ambako mapori yanaungana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humshambulia mbwa vikali kuliko wengi wanavyodhani. Anapata homa, anakonda, uso au miguu inavimba na mboni za macho zinaingia ukungu. Mbwa mwenye ukungu machoni wiki chache baada ya kutoka porini apelekwe kwa daktari wa mifugo haraka, na mweleze daktari mlikopita.

La tatu ni nyoka. Kifutu hulala njiani na hakimbii akisikia hatua. Swila anayetema sumu hulenga macho. Mbwa akitemewa, osha macho yake kwa maji mengi, dakika kumi na tano au zaidi, kisha tafuta huduma. Akiumwa, mbebe asitembee, na usimchanje kwa wembe wala kumfunga kamba ya kubana.

La nne ni jua. Mbwa hana jasho la kupoza mwili kama letu, na anachokitegemea zaidi ni kuhema. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 maisha yake yamo hatarini. Tokeni alfajiri, pumzikeni chini ya mwembe au mkorosho kabla ya saa nne na nusu. Akianza kuhema kwa fujo, ulimi ukawa mwekundu sana na miguu ikalegea, mwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, na safari iishe hapo.

Njia ni ya watu wote

Lindi, mkoa zilimo Nachingwea na Ruangwa, una Waislamu wengi, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu yote, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda na wa kuwinda anakubalika, lakini hiyo haimpi ruhusa ya kumlamba mtu anayekwenda kuswali.

Kwa hiyo mfunge kamba mnapopita kijijini, msikitini na kisimani. Beba bakuli lake mwenyewe, na usimnyweshe kwenye ndoo ya watu. Adabu hii inakwenda sambamba na afya, kwa kuwa mbwa aliyefungwa kamba hagombani na mbwa wa watu, hakimbizi kuku na hanasi kwenye mitego ya waya iliyotegwa pembezoni mwa mashamba.

Mtu akiumwa

Akiumwa mtu, awe mtoto aliyekuwa akicheza na mbwa au mtembezi aliyekutana na mbweha, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Virusi vya kichaa vimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Msipake pilipili, majivu wala unga wa betri. Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, na dozi zote zimalizwe kwa tarehe zilizopangwa. Mbwa aliyeuma, akiwa anajulikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku kumi badala ya kuuawa na kutupwa, kwa sababu hali yake ndiyo itakayomwongoza daktari.

Wilaya zote mbili, Nachingwea na Ruangwa, zina hospitali. Pigeni simu au mpite kabla ya likizo kuuliza kama chanjo ya binadamu ipo, na kama haipo, ni wapi pa karibu. Swali hilo halina maana kuulizwa usiku wa tukio.

Ndugu msomaji, kama Pasaka imekaribia mno na mbwa wako hajachanjwa, mtembeze karibu na nyumba, kwa kamba, na umpeleke kwa afisa mifugo likizo ikiisha. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na chanjo mara nyingi husogezwa karibu na wananchi kipindi hicho. Mpeleke wako, mwambie jirani ampeleke wake, na mchukueni pia yule anayezurura sokoni asiye na mwenyewe.