Msitu hauhitaji dawa ya chupa

"Mtaalamu, joto hili limeua vijidudu vya msituni. Ninunue dawa gani niwarudishe?" Mvua zikikaribia, swali hili huletwa na wenye mashamba ya miti, na kamati za misitu za vijiji, hata na maofisa ambao kazi yao ni kulijibu. Vijidudu hawajafa. Balaa lenyewe ni kwamba wanakula zaidi kuliko zamani.

Katika Harvard Forest, jimboni Massachusetts, Jerry Melillo na wenzake walifukia nyaya za umeme, na tangu 1991 wamekuwa wakiupasha udongo nyuzi 5 juu ya joto lake la kawaida. Miaka 26 baadaye, sentimita 60 za juu zilikuwa zimepoteza asilimia 17 ya kaboni. Bakteria na kuvu waliimeng'enya, ikapaa kama hewa ukaa. Kwenye msitu wa kitropiki wa Barro Colorado, Panama, nyuzi 4 za ziada kwa miaka 2 ziliongeza hewa hiyo inayotoka udongoni kwa asilimia 55. Na kwetu kuna ukame. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti wa Muguga, Kenya, alionyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa, uozaji hulipuka ghafla. Kiangazi kikirefuka na mvua ikija kwa kishindo, msitu unapoteza kaboni kwa njia hiyo pia.

Sasa turudi kwenye chupa ya dawa, maana pesa za watu zinateketea.

Sentimita 10 za juu za hekta moja ni udongo wa tani zipatazo 1,000, na gramu moja ya udongo wa msitu hubeba bakteria wapatao bilioni. Tumpe muuzaji kila anachodai: kila mililita ya dawa yake nayo ina bakteria bilioni, na wote wako hai. Lita nzima ikimwagwa kwenye hekta, inaongeza bakteria mmoja kwa kila milioni waliokuwapo. Na ni bakteria gani? Mara nyingi ni wale wanaogandisha maziwa, pamoja na hamira, waliokuzwa kwenye molasi. Chakula chao ni sukari. Msituni wanakuta majani makavu, vipande vya magome na vijidudu wenyeji wenye njaa. Wengi hufa au huliwa.

Kuna waliolipima jambo hili mashambani. Majaribio ya miaka 4 nchini Uswisi, yaliyochapishwa 2010, yalilinganisha mchanganyiko wa aina hii ukiwa hai na ukiwa umeshauawa kwa joto. Faida iliyoonekana ilitokana na virutubisho vya kile kilichowabeba vijidudu. Vijidudu wenyewe hawakuwa na mchango wa maana. Molasi nayo haina usalama wanaoudhani watu: sukari mpya inaweza kuwachochea wenyeji waanze kula hata kaboni ya zamani, ile tunayotaka ibaki ardhini. Kwa hiyo nasema wazi: anayewauzia wanakijiji dawa hii kama tiba ya msitu dhidi ya mabadiliko ya tabianchi anawaibia.

Kuna mahali pamoja ambapo kupandikiza vijidudu kunafaa kweli, nako ni kitaluni. Miche ya misindano hudumaa bila kuvu wa mizizi yake, na kuvu hao hawakuwapo hapa kabla ya miti hiyo kuletwa. Changanya kwenye viriba udongo kidogo uliochotwa chini ya misindano iliyokomaa yenye afya. Ni bure. Miche ya miyombo nayo ipe udongo wa chini ya miyombo.

Kwingine kote: zuia moto, maana ndio unaomaliza majani yaliyooza na kuuacha udongo uchi. Usifagie majani yaliyoanguka, wala usiyauze kama mboji. Usivune miti mingi mahali pamoja; kivuli ndicho kinachopoza udongo na kuushikia unyevu. Ng'ombe wasilale msituni. Jembe lisipite kati ya miti ikishakua, kwani linakata nyuzi za kuvu zinazoipelekea mizizi maji na fosforasi. Na kamati yenye fedha ya chupa ikalipe vibarua wa kufyeka njia za moto mapema, nyasi zikiwa bado mbichi.