Telekonvata huvuta mnyama karibu, lakini hula mwanga

Familia nyingi za jijini huzuru Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi wakati wa likizo, na nyingi hurudi nyumbani na picha za namna moja: nyasi tele, anga tele, na katikati kitone cha rangi ya udongo ambacho wageni hulazimika kuambiwa kuwa ni simba. Kosa si la mpigapicha. Sheria za mbuga zinakataza magari kuacha barabara, na watu kushuka isipokuwa mahali palipotengwa. Simba naye hana wajibu wa kusogea. Anayetaka kumwona karibu hana budi kumvuta kwa lenzi.

Lenzi ndefu nazo ni ghali mno. Ndiposa baadhi ya wauzaji wa kamera humwonyesha mteja kifaa kidogo kiitwacho telekonvata, wakimwambia kuwa kitaigeuza zumu yake ya milimita 300 iwe ya milimita 600. Maneno hayo ni ya kweli, ila kuna upande wa pili ambao mzazi au mwanafunzi anafaa kuujua kabla ya kutoa pesa zake.

Je, telekonvata ni nini hasa? Ni bomba fupi lenye vioo ndani, ambalo hufungwa kati ya kamera na lenzi. Vioo hivyo huchukua sehemu ya katikati ya picha inayoletwa na lenzi na kuikuza mpaka ijaze fremu nzima. Zinazotumika sana ni mbili: ya mara 1.4 na ya mara 2. Ukifunga ya kwanza kwenye zumu ya milimita 70 hadi 200, utapata 98 hadi 280. Ukifunga ya pili, utapata 140 hadi 400. Aidha, umbali mfupi kabisa ambao lenzi inaweza kulenga haubadiliki, kwa hivyo hata kipepeo aliye kando ya barabara hutokea mkubwa zaidi.

Gharama yake hulipwa kwa mwanga. Chukua siagi ya kutosha kipande kimoja cha mkate uipake kwenye vipande vinne; kila kipande kitapata kidogo tu. Ndivyo ilivyo kwa telekonvata. Ile ya mara 1.4 huacha nusu ya mwanga, na ile ya mara 2 huacha robo peke yake.

Tazama nambari iliyoandikwa kwenye lenzi baada ya herufi f. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo lenzi inavyopitisha mwanga mdogo. Zumu ya f/2.8 huwa f/4 ikifungwa telekonvata ya mara 1.4, na f/5.6 ikifungwa ya mara 2. Hapo bado mambo ni sawa. Lakini zumu nyingi za bei nafuu za milimita 70 hadi 300 tayari ni f/5.6 zikivutwa hadi mwisho. Ziongezee telekonvata ya mara 2 nazo zitakuwa f/11.

Matatizo huanzia hapo. Kamera nyingi za kidijitali zenye kioo ndani hushindwa kulenga zenyewe lenzi ikipita f/5.6, na zilizo bora hukomea f/8. Kamera mpya zisizo na kioo zinaweza kuendelea, ingawa hujikokota mwanga unapofifia.

La pili ni mtikisiko. Wapigapicha wana kanuni ya zamani kwamba lenzi ya milimita 300 ikishikwa kwa mkono yahitaji kasi ya sehemu ya 300 ya sekunde au zaidi. Ukiifanya iwe 600, wahitaji kasi maradufu, ilhali mwanga umebaki robo. Tuseme asubuhi kamera ilikuwa ikikupa sehemu ya 500 ya sekunde. Sasa itakupa sehemu ya 125, na swara atatoka kama aliyechorwa kwa makaa yenye maji. Unaweza kuongeza ISO, lakini picha itajaa chembechembe.

La tatu, telekonvata hukuza kila kitu, pamoja na kasoro za lenzi yenyewe. Lenzi dhaifu haiponi kwa kufungwa telekonvata.

Basi nani anunue? Mwenye zumu ya f/2.8 au f/4 iliyo imara, na heri aanze na ya mara 1.4. Mwenye zumu ya kawaida ataambulia zaidi akikata picha yake kwenye kompyuta. Kamera ya megapikseli 24, picha ikikatwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, hubaki na megapikseli 6. Hizo zatosha kabisa kwa picha ya albamu ya inchi 6 kwa 4, na hazigharimu hata senti.

Ukiamua kununua, nenda dukani na kamera na lenzi yako. Kuna telekonvata ambazo kioo chake cha mbele hujitokeza na kinaweza kugonga kioo cha nyuma cha lenzi isiyoundwa kwa ajili yake. Soma kwanza orodha ya mtengenezaji. Kisha piga picha ya bango lililo ng'ambo ya barabara, mara moja bila telekonvata na mara moja nayo. Ikate ile ya kwanza, uzilinganishe. Ikiwa maandishi hayasomeki vizuri zaidi, rudi nyumbani na pesa zako.

Na mkifika mbugani, subirini jua lipande kidogo, jazeni maharagwe kwenye mfuko wa kitambaa muuweke dirishani uibebe lenzi, kisha mwombeni dereva azime injini. Picha nyingi huharibiwa na mtetemo wa gari, wala si ufupi wa lenzi.