Picha ya Nchi na Uhai wa Wanyama
Sehemu ya Pili: Kandokando ya Mto Mara

Katika sehemu ya kwanza tulizungumza mintarafu ya nuru na kivuli. Leo nataka kueleza kwa nini mtu awapendaye wanyama kwa dhati, akiisha kushiba kuzitazama nyuso zao, hana budi kuigeuza kamera yake na kuielekeza kwenye nchi inayowalisha.

Akisimama mpiga picha juu ya majabali ya Wogakuria, kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, asubuhi ya mwezi wa Agosti, jua lingali chini na kila bonde lingali na kivuli chake, atauona kwa mbali Mto Mara, ambao huteremka kutoka milima ya Mau huko Kenya, ukazitenga wilaya za Tarime na Serengeti, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Nyumbu akipigwa picha ya kichwa na pembe tu huwa mnyama wa popote, hata wa kizimbani. Lakini akionekana mdogo kama punje ya pilipili manga, na wenzake maelfu chini ya wingu la mvua, picha hueleza sababu ya safari yake, maana nyumbu zaidi ya milioni moja huyafuata majani mabichi, na kiangazi kikikaza huja kuyatafuta maji ya mto huu usiokauka.

Jambo hili walilifahamu Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani ambao mwaka 1958, kwa ndege ndogo iliyopakwa milia mfano wa punda milia, waliruka juu ya nchi hii wakihesabu makundi na kupiga picha, ili ijulikane kama mipaka ya hifadhi iliafikiana na njia za wanyama. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tai, Michael akafariki akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Na filamu waliyoitengeneza juu ya nchi hii ikatunukiwa Oscar mwaka 1960. Katika mwaka ule ule wa msiba Ngorongoro ilitengwa na hifadhi, na mipaka ikasogezwa kaskazini hadi Kenya.

Walakini insafu yanidai niseme na upande wa pili. Mwaka huo huo Wamasai walitakiwa kuzihama nyanda za Serengeti, na tangu hapo picha nyingi zimeionyesha nchi hii kana kwamba haikupata kukanyagwa na mwanadamu, ilhali Wakurya, Waikoma, Wanata na Wangoreme ni majirani zake wa tangu na tangu, na hata leo yuko mkulima wa upande wa Mugumu akeshaye usiku akipiga debe ili ndovu wasiumalize mtama wake.

Picha ni shahada, na shahidi mwadilifu hamfichi jirani. Kwa hiyo namhimiza mpiga picha afike mpakani, pale shamba linapokutana na nyasi za hifadhi, avitie vyote viwili katika picha moja. Maana nchi hii haitalindwa na mtu ambaye picha imemfuta.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza adabu za kumwomba mwenye shamba idhini kabla ya kuifungua kamera.