Mchoraji wa Nchi ya Theluji Aliyekaa Nairobi

Mtu apitaye leo Kenyatta Avenue, hapo penye Nyayo House, huona magari mengi na majumba marefu, wala si rahisi kwake kufikiri jinsi mji huu ulivyokuwa hapo kale. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka kumi baadaye mji ulikuwa bado wa nyumba za mabati na mbao, wenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Katika mwaka huo wa 1909 alifika mgeni mmoja kutoka kaskazini ya Ulaya, pamoja na mkewe Mary na watoto wao wawili, Kirsti na Jorma. Wageni wengi wa siku zile walitafuta mashamba, au biashara, au kazi ya Serikali. Huyu alileta rangi na brashi. Jina lake Akseli Gallen-Kallela.

BABA ALIYEKATAA

Bwana huyu alizaliwa tarehe 26 Aprili 1865 katika mji wa Pori, nchi ya Ufini, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake hakupenda mwanawe awe mchoraji, naye alipokuwa na umri wa miaka 11 akapelekwa kusoma Helsinki. Baba alifariki mwaka 1879, na baada ya hapo kijana akaifuata kazi aliyoitamani. Mwaka 1884 alikwenda Paris kujifunza katika chuo cha Académie Julian.

Ufundi aliupata Ufaransa, lakini picha zilizompa sifa zilitoka kwao: misitu, maziwa, wakulima, na hadithi za kale za watu wake zilizokusanywa katika utenzi uitwao Kalevala. Kwa watu waliotawaliwa na wageni, jambo hili halikuwa dogo. Picha zile ziliwakumbusha kwamba nao wana nchi yao na mambo yao ya kale. Mwaka 1900 alipamba kwa picha jumba la Ufini katika Maonyesho makubwa ya Paris.

Safari zake hazikuwa za furaha siku zote. Mwaka 1895, alipokuwa Berlin akionyesha picha zake pamoja na Edvard Munch wa Norway, alipata habari kwamba binti yake mdogo, Marjatta, amefariki kwa ugonjwa wa dondakoo. Akarudi nyumbani. Wajuao kazi yake husema kwamba tangu siku hiyo mkono wake ulibadilika, na picha zake zikawa nzito zaidi.

JUA LA NAIROBI

Mwishoni mwa mwaka 1908 alirudi Paris, lakini akajiona mgeni katika mji ule aliousomea ujana wake. Ndipo, Mei 1909, akaja Nairobi. Kabla ya kurejea kwao alikuwa amechora kwa rangi picha zaidi ya 150, za nyika, milima, wanyama na watu, akakusanya pia vyombo na mapambo ya Afrika ya Mashariki.

Msomaji na afikiri kidogo juu ya kazi ile. Huko Ufini, siku za baridi, jua huonekana kwa saa chache tu, nalo hukaa chini karibu na upeo wa macho. Hapa kwetu, saa sita mchana, jua husimama utosini, kivuli hujificha miguuni mwa mtu, na majani makavu hung’aa kama shaba. Mchoraji aliyezoea theluji ilimlazimu kujifunza kuona upya. Picha zake za hapa zina rangi kali kuliko zile za maziwa ya kwao.

KURUDI NYUMBANI

Lakini hakukaa. Baada ya muda usiozidi miaka miwili alitambua kwamba chemchemi ya kazi yake ni Ufini, akarudi. Kati ya miaka 1911 na 1913 alijijengea nyumba na chumba cha kazi mahali paitwapo Tarvaspää. Ufini ilipata uhuru mwaka 1917. Mwaka 1923 alisafiri tena, mara hii Marekani, akaonyesha kazi zake Chicago na kukaa Taos, New Mexico. Alifariki Stockholm tarehe 7 Machi 1931 kwa ugonjwa wa mapafu. Tangu mwaka 1961 nyumba yake ya Tarvaspää ni makumbusho.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu ametuachia dawa mbili. Ya kwanza ni kutazama. Mtu akaaye Dagoretti au Karen huiona milima ya Ngong kila asubuhi, nayo hubadili rangi kabla hajamaliza chai yake; lakini ni wangapi kati yetu wanaosimama kuitazama?

Ya pili yawahusu wazazi. Mtoto achoraye ng’ombe kwa makaa ukutani huchafua ukuta, ni kweli, na fimbo iko karibu. Heri mzazi ampe karatasi. Baba wa Akseli alimtakia mwanawe mema, kama sisi tunavyowatakia wetu, lakini hakuishi kuona alichokuwa akikikataza.