Ualimu na Uongozaji kama Msingi wa Utunzi: Mfano wa Penina Muhando Mlama

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili kwa kawaida humweka Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama Penina Mlama, miongoni mwa watunzi wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, na humwacha hapo. Hatia (1972), Tambueni Haki Zetu (1973) na Heshima Yangu (1974) huchambuliwa kimaudhui. Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984) huongezewa maelezo ya fani. Kisha uchambuzi hukoma, kana kwamba mtunzi naye alinyamaza. Makala haya yanadai kuwa ukimya huo ni wa wahakiki.

Mlama, mzaliwa wa Kilosa, alitunga akiwa mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hatia inaegemea zaidi majibizano ya wahusika. Katika Nguzo Mama, Msimulizi anazungumza na hadhira moja kwa moja, na wanawake wa Patata, wanaoitwa kwa nambari tu, wanahangaika kusimamisha nguzo isiyokubali kusimama. Badiliko hili huelezwa kuwa ni kurejea katika fasihi simulizi. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1983 ilihusu sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama taasisi ya kufundishia. Kichwa chake pekee kingetosha kutuonya kwamba ngoma na ngano kwake hazikuwa mapambo ya matini. Tena, nguzo inayosomwa kitabuni ni ishara, lakini jukwaani ni mzigo: inaamua nani ashike wapi, nani aachie, na hadhira icheke au iumie lini. Anayeandika hivyo anafikiri kama mwongozaji.

Katika kipindi hichohicho, mwaka 1982 hadi 1983, Mlama alishiriki katika mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, mkoani Mwanza. Utaratibu wake ulikuwa wa kidarasa kwa maana bora ya neno hilo: wanakijiji walitafiti matatizo yao, wakayachambua, wakayatungia maonyesho kwa ngoma na maigizo, kisha wakajadiliana na watazamaji. Suala moja lililoibuka lilikuwa mimba za wanafunzi wa kike. Katika kazi ya namna hii mwalimu hasimami mbele akitoa jibu, wala mtunzi hamiliki maneno.

Suala hilo halikuishia Malya. Mwaka 1996 Mlama na mwenzake Amandina Lihamba walianzisha Tuseme, mradi ambamo wasichana wa shule za sekondari hubainisha vikwazo vya elimu yao, huvitungia igizo na kuliigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Jina lenyewe ni kitenzi, na nafsi yake ni ya wingi. Mlama alipokuja kuliongoza Jukwaa la Waelimishaji Wanawake wa Afrika (FAWE), Tuseme ilikuwa ikienea katika nchi nyingine za bara hili.

Mtafiti anayeanza na orodha ya vitabu hawezi kukutana na maigizo hayo. Hayakutungwa ili yachapwe. Yalitungwa na wenye tatizo, wakayaonyesha, na mjadala ukawa sehemu ya onyesho.