Casio: saa iliyotoka kwenye mashini ya kuhesabu

Wengi wanaijua Casio kwa saa za mkono, lakini kampuni hii ya Japani haikuanza na saa. Tadao Kashio alifungua karakana Tokyo mwaka wa 1946. Mwaka wa 1957, yeye na wadogo zake watatu wakatoa mashini ya kuhesabu ya umeme.

Hesabu ndiyo iliwafikisha kwenye saa: kwao, wakati ni kujumlisha sekunde juu ya sekunde. Ndio maana saa yao ya kwanza, Casiotron ya 1974, ilitambua yenyewe mwezi wa siku 30 na wa siku 31.

Ilibaki shida ya kuanguka. Injinia Kikuo Ibe aliangusha saa za majaribio kama 200 toka dirishani, mpaka akapata dawa: mtambo uelee ndani ya ganda, ushikwe sehemu chache tu. Ndiyo G-Shock ya 1983.